Ushirika wa Maktaba na Biashara ya Maandiko

Katika historia ya utamaduni wa nchi yetu yameandikwa mengi juu ya watunzi na wasimulizi, na machache sana juu ya njia ambazo maandishi yao yalipitia hata yakamfikia msomaji. Njia hizo nazo zina historia. Katika insha hii tunakusudia kueleza mojawapo, ambayo ni mpya kuliko zote: namna maktaba zinavyoungana kuwa ushirika ili kununua, kwa sauti moja, maandiko yaliyokwisha kukusanywa na makampuni na mashirika ya ng'ambo. Tunaandika kutoka Mjimwema, kata mojawapo ya Manispaa ya Songea, na mfano wetu mkubwa utatoka hapa hapa.

Mfano wenyewe ni huu. Mwaka 1967 mwanahistoria John Iliffe, ambaye wakati ule alikuwa akifundisha Dar es Salaam, alichapisha katika jarida moja la Uingereza linaloshughulikia historia ya Afrika makala juu ya jinsi Vita vya Majimaji vilivyopangwa. Mwaka 1975 Patrick Redmond naye alichapisha, katika jarida la Marekani, makala juu ya vita hivyo katika Ungoni, akiyapima upya yale ambayo wenzake walikuwa wamekwisha kuyaandika. Makala hizo zinahusu wazee ambao vitukuu vyao wanasoma leo katika shule za Songea. Viongozi wengi wa Ungoni walinyongwa na Wajerumani katika mji huu tarehe 27 Februari 1906, na nduna Songea Mbano, ambaye mji unachukua jina lake, alinyongwa katika siku zile zile. Kila mwaka tunawakumbuka. Lakini majarida yote mawili tuliyoyataja leo yamo katika hazina ya maandiko iitwayo JSTOR, ambayo makao yake ni Marekani, na mlango wake haufunguki kwa kila abishaye. Basi swali letu ni jepesi kuuliza: mwanafunzi wa kidato cha tano anayekaa Mjimwema atayasomaje maandishi hayo yanayomhusu babu wa babu yake? Kulijibu kunahitaji kurudi nyuma kidogo.

Mwaka 1948 serikali za kikoloni za Kenya, Uganda na Tanganyika zilianzisha East African Literature Bureau, makao yake yakiwa Nairobi. Shirika hilo lilichapisha vitabu, na pia lilikuwa na huduma ya maktaba kwa wasomaji walio mbali na miji. Vitabu vilipangwa katika sanduku, sanduku likapelekwa mahali, likasomwa, kisha likabadilishwa na jingine. Na msomaji aliyekuwa peke yake aliweza kuazima kitabu kwa njia ya posta. Ilikuwa huduma ndogo, na haikukosa mawazo ya kikoloni juu ya kitabu gani kimfae Mwafrika. Hata hivyo sanduku lile lilikuwa na sifa moja ambayo tunaomba msomaji aishike hadi mwisho wa insha: aliyeweza kulifikia aliweza kusoma kilichomo, awe mwalimu, awe karani, awe mkulima.

Baada ya Uhuru, kwa sheria ya mwaka 1963, iliundwa bodi ya huduma za maktaba ya Tanganyika, ambayo ndiyo mama wa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania ya leo. Tarehe 9 Desemba 1967, siku ya maadhimisho ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam. Mwaka 1975 sheria mpya ikachukua nafasi ya ile ya kwanza. Utaratibu wa Bodi ulikuwa kwamba makao makuu yananunua, yanaorodhesha na kuandaa vitabu, kisha yanavigawa katika maktaba za mikoa. Huo tayari ulikuwa ununuzi wa pamoja, ingawa hakuna aliyeuita hivyo. Na kitabu kikishanunuliwa kilikuwa mali. Hata fedha za mwaka uliofuata zisipopatikana, kile cha mwaka uliopita kilibaki rafuni, kikachakaa kwa kusomwa.

Watu wa Songea hawahitaji kufundishwa maana ya kununua au kuuza pamoja. Mwaka 1936 wakulima wa tumbaku wa Ungoni na Umatengo walikuwa na chama chao cha ushirika, kilichojulikana sana kwa jina la NGOMAT. Mkulima mmoja mwenye mzigo wake wa tumbaku iliyokaushwa kwa moshi alikuwa mnyonge mbele ya mfanyabiashara. Wakulima wengi walioleta tumbaku yao katika ghala moja walikuwa na la kusema juu ya bei. Chama kile kilikuwa na matatizo yake, na vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchini kote mwaka 1976, kisha vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Hatutaieleza historia hiyo yote hapa. Tumekitaja kwa sababu maktaba zilipokuja kuungana zilifuata hesabu ile ile, ila kwa upande wa pili wa mzani: hazikuwa na mazao ya kuuza, bali zilikuwa wanunuzi wanaomkabili muuzaji mkubwa.

Huyo muuzaji ni nani? Ni lazima tumweleze kwa urefu, kwa kuwa walimu wengi hulisikia jina lake bila kuijua kazi yake. Wachapishaji wa majarida ya kitaaluma ni maelfu, wametawanyika duniani, na maktaba haiwezi kuandikiana na kila mmoja. Kwa hiyo akazuka mtu wa katikati, ambaye tutamwita mkusanyaji wa maandiko. Hafanyi utafiti, na kwa kawaida makala si zake. Huenda kwa wachapishaji akapata ruhusa ya kuyaweka majarida yao pamoja. Huyapiga picha au huyapokea yakiwa tayari katika kompyuta. Huyatengenezea faharasa ili neno moja litafutwe katika mamilioni ya kurasa. Halafu huiuzia maktaba ruhusa ya kuingia. Mchapishaji hulipwa sehemu ya mapato kwa mujibu wa mapatano yao.

Kazi hii haikuanza na intaneti. Mwaka 1938 Eugene Power alianzisha huko Ann Arbor, Marekani, kampuni ya University Microfilms, iliyopiga vitabu adimu katika filamu ndogo ndogo na kuziuzia maktaba. Kampuni hiyo ndiyo asili ya ProQuest. Mwaka 1944 Elton B. Stephens alianzisha biashara iliyokuja kuitwa EBSCO, jina lililofinyangwa kutokana na herufi za jina lake, ambayo ilianza kwa kuuza magazeti na majarida. JSTOR ni ya baadaye, na si ya kibiashara: ilianzishwa mwaka 1995 kwa msaada wa Wakfu wa Mellon ili kuziondolea maktaba mzigo wa rafu zilizojaa majarida ya zamani, ikianza na majarida kumi tu ya historia na uchumi. Leo haya ni majina makubwa katika kila chuo kikuu. Inapendeza kuona kwamba chanzo chake ni filamu, usajili wa magazeti na uhaba wa rafu.

Sasa, mkusanyaji akija na furushi lake, maktaba hupewa mkataba. Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na hapa ndipo tofauti na sanduku la mwaka 1948 inapoonekana. Kwanza, kwa kawaida maktaba hainunui makala, bali hukodi njia ya kuyafikia kwa mwaka mmoja au miaka kadhaa. Ada isipolipwa mlango hufungwa, na kwa mikataba mingi hufungwa hata kwa yale yaliyosomwa kwa ada ya miaka iliyopita, isipokuwa kama wanunuzi walidai mapema kifungu cha kubakiziwa haki hiyo. Pili, mchapishaji anaweza kuliondoa jarida lake katika furushi, nalo likatoweka bila maktaba kuulizwa. Tatu, matoleo mapya mara nyingi huzuiliwa kwa mwaka mmoja au zaidi, na katika JSTOR majarida mengi yamekuwa yakicheleweshwa miaka mitatu hadi mitano, ili mchapishaji aendelee kuyauza mwenyewe yakiwa mabichi. Nne, mkataba hutaja nani ni msomaji halali. Kwa kawaida ni mwalimu na mwanafunzi wa chuo kilicholipa, naye hutambuliwa kwa anwani ya mtandao wa chuo au kwa neno lake la siri.

Kwa chuo kimoja cha nchi maskini, kuujadili mkataba wa namna hiyo peke yake ni shida. Tukumbuke hali ilivyokuwa katika miaka ya 1980, fedha za kigeni zilipoadimika: vyuo vya Afrika vilikatisha usajili wa majarida mengi, na mtafiti alingoja rafiki aliye Ulaya amtumie nakala kwa posta. Wakati huo huo bei za majarida huko yanakotoka zilikuwa zikipanda kupita bei za bidhaa nyingine. Ilikuwa dhahiri kwamba aliyesimama peke yake angeachwa nyuma.

Kuungana kwa maktaba kulikuwa kumeanza kwingineko. Mwaka 1967, mwaka ule ule wa kufunguliwa kwa Maktaba Kuu yetu, vyuo vya jimbo la Ohio, Marekani, vilianzisha kituo cha pamoja cha kuorodhesha vitabu, OCLC, ili kazi iliyokwisha fanywa na mkutubi mmoja isirudiwe na hamsini. Kununua pamoja kukafuata. Kwa upande wetu msukumo ulitoka kwa wafadhili. Mwaka 1999 ilianzishwa EIFL, iliyosaidia nchi zenye kipato kidogo kuunda ushirika wa maktaba wa kitaifa. Januari 2002 Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji wakubwa sita walifungua HINARI, mpango wa kutoa majarida ya tiba bure au kwa bei nafuu sana kwa taasisi za nchi maskini. Mwaka huo huo INASP, shirika la Uingereza, lilianza mpango wake wa PERI, ambao chini yake bei za majarida zilijadiliwa kwa niaba ya nchi nzima, na wakutubi wakafunzwa kuyatumia.

Kenya iliunda ushirika wake, KLISC, mwaka 2003. Hapa Tanzania upo ushirika wa maktaba za vyuo vikuu na za utafiti, unaojulikana kwa kifupi kuwa COTUL. Kazi za ushirika wa namna hii ni kupokea mahitaji ya wanachama, kujadiliana na mkusanyaji au mchapishaji juu ya bei moja, kugawana gharama, na kufundishana matumizi. Kugawana gharama ndiko kunakoleta maneno. Wote wakilipa sawa, chuo kidogo kitalalamika kwamba kinambeba mkubwa. Wakilipa kwa idadi ya wanafunzi, mkubwa atauliza kwa nini alipe zaidi kwa kitu kile kile. Na mmoja akichelewa kulipa, huenda ankara ya wote ikakwama. Mwenye kukumbuka mikutano ya vyama vya msingi vya tumbaku atatabasamu hapa.

Hatuna budi kusema kwamba ushirika uliozaliwa mikononi mwa mfadhili una udhaifu wake. Kadiri bei ilivyojadiliwa na kulipiwa na wengine, wakuu wa vyuo wengi barani hawakuona haja ya kutenga fungu la majarida katika bajeti. Katika miaka ya 2010 INASP ilianza kuwaachia washirika wa kila nchi wajadiliane wenyewe na wachapishaji. Hapo ndipo kilipoonekana kilichokuwa kimejengwa na kilichokuwa kimeazimwa. Kwa maoni yetu hatua ile ilikuwa na uchungu lakini ilikuwa ya haki, maana mkutubi asiyewahi kuketi mezani na muuzaji hawezi kuujua mkataba kwa kusimuliwa.

Mwezi Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam kupitia baharini, na tangu hapo kikwazo cha mtandao kilianza kupungua. Leo mwanafunzi wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania aweza kuketi Mjimwema na kufungua kwa neno lake la siri kile ambacho chuo chake kimekilipia. Huyo yumo ndani ya mkataba. Lakini jirani yake wa kidato cha tano hayumo. Mwalimu wake wa historia hayumo. Mzee aliyestaafu, ambaye anaijua milima na mito inayotajwa katika makala ya Redmond kuliko Redmond mwenyewe, hayumo. Ushirika wa vyuo vikuu umefanya kazi yake vema kwa wanachama wake. Umbo lake ndilo lililowaacha hao nje, kwa kuwa mkataba huhesabu vichwa vya wanachuo.

Iko njia ndogo ambayo mikataba mingi huiruhusu, nayo haijulikani sana: mtu yeyote anayeingia kwa miguu katika maktaba mwanachama na kuketi mbele ya kompyuta yake huhesabiwa kuwa msomaji halali kwa muda ule. Kifungu hiki ni chema, lakini kwa mtu wa Songea maktaba kubwa za vyuo vikuu ziko mbali kwa safari ya mamia ya kilomita. Kama maktaba ya umma ya mkoa ingekuwa ndani ya mkataba, kifungu hicho hicho kingetosha kumwingiza kila mwanafunzi mwenye kuweza kufika mjini. Maktaba hiyo ingekuwa tena lile sanduku, la kusomwa na yeyote aliyelifikia.

Wako waliokwenda mbali zaidi. Iceland, nchi ndogo yenye watu wasiofika laki nne, ilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kukata mikataba kwa ajili ya nchi nzima, hata ikawa kila aliye nchini mwenye kuunganishwa na mtandao huweza kusoma, bila kuulizwa ni wa chuo gani. Itasemwa kwamba sensa yetu ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 61, na muuzaji akizidisha bei kwa vichwa hivyo hakuna hazina ya serikali itakayostahimili. Ni kweli akizidisha. Lakini tumbaku haikupangiwa bei kwa idadi ya wavutaji duniani, na makala juu ya Vita vya Majimaji haiwezi kuwa na wasomaji milioni 61. Bei ni jambo la kujadiliwa, na kwa kujadili ndiko ushirika huundwa.

JSTOR yenyewe imefungua dirisha pembeni mwa mlango. Mtu yeyote anayejiandikisha kwa jina lake amekuwa akiruhusiwa kusoma makala chache bila malipo, na mwaka 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, idadi ikapandishwa hadi makala 100 kwa mwezi. Walimu wa sekondari watumie nafasi hiyo. Tumekuta kwamba wengi hawajaisikia. Ila hiyo ni hisani, na mwenye kuitoa anaweza kuipunguza. Tena makala ni za Kiingereza, na Kiingereza cha wataalamu. Mwanafunzi atahitaji mwalimu wa kumfasiria, kama vile mababu walivyohitaji mkalimani katika boma la Mjerumani.

Tumeeleza ushirika wa kununua. NGOMAT, hata hivyo, ilikuwa ya kuuza, na upande huo tumeulegeza mno. Maandiko yetu wenyewe yanakusanywa na nani? Mwaka 1998 ilianzishwa AJOL, hazina ya majarida yanayochapishwa Afrika. Ilianza chini ya INASP, na baadaye makao yake yakahamia Afrika Kusini. Humo yamo majarida ya nchi hii, likiwamo Huria la Chuo Kikuu Huria, na mtu wa Mjimwema anaweza kuyatafuta kwa simu. Huo ni mwanzo mwema. Lakini majarida ya wataalamu ni sehemu tu ya maandiko. Padre Elzear Ebner wa Peramiho aliandika historia ya Wangoni ambayo mwaka 1959 ilikuwa nakala za kupigwa taipu, na ikachapishwa kuwa kitabu mwaka 1987. Sisi tunaotunga mashairi tunajua ni diwani ngapi zimeishia katika madaftari, na magazeti mangapi yenye tungo za malenga wa wilayani yameliwa na mchwa.

La kusikitisha zaidi ni habari ya mwaka 1968. Mwaka huo idara ya historia ya Dar es Salaam ilianzisha utafiti mkubwa wa Majimaji, na wanafunzi wakatumwa vijijini kuwahoji wazee waliokuwa wakivikumbuka vita au waliosimuliwa na waliopigana. Maneno ya wazee yaliandikwa, yakapigwa taipu, yakawekwa katika majalada ya maktaba. Wale wazee wamekwisha kufariki. Wataalamu waliyatumia majalada hayo kuandika makala, makala zikaingia katika majarida ya ng'ambo, majarida yakaingia katika hazina za wakusanyaji, na vyuo vyetu vikalazimika kutafuta ruhusa ya kurudi kuyasoma. Hakuna aliyeiba, kila hatua ilifuata sheria na desturi za kazi. Bado safari ya maneno hayo ni ndefu mno kwa watu waliosemea barazani mwao.

Majalada ya namna hiyo yanaweza kupigwa picha kwa gharama isiyo kubwa, na faharasa yake ikatengenezwa kwa Kiswahili na vijana waliofunzwa kazi ya ukutubi Bagamoyo. Vyuo vikuu na Bodi ya Huduma za Maktaba wana wataalamu wa kutosha kuifanya kazi hiyo kwa ushirika. Neno gumu litakuwa lile lile la mkataba, yaani ni nani msomaji halali. Wakati huo watakaoandika masharti tutakuwa ni sisi, wala si mkusanyaji wa Ann Arbor au New York, na katika orodha ya walioruhusiwa shule za sekondari za kata za Songea, Namtumbo na Mbinga zinaweza kutajwa tangu kifungu cha kwanza.